Uainishaji wa Sauti za Kilwa Masoko, Pamoja na Tatizo la Dawa ya Panya

Sayansi huanza pale mtu anaponyimwa usingizi. Mwandishi wa makala haya ana kawaida ya kujinyoosha baada ya sala ya adhuhuri, dirisha wazi ili upepo wa kusi uingie, na kwa miaka mingi alidhani yanayopita chini ya dirisha hilo ni makelele tu. Hupita muuza samaki. Hupita mwenye korosho. Hupita baiskeli ya aiskrimu na kikengele chake cha betri kinacholia kama mbu aliyekwenda shule. Kisha hupita dawa ya panya. Mpwa wangu, anayesomea kompyuta Dar es Salaam, alikuja likizo akakaa nami barazani siku tatu bila neno. Siku ya nne akasema, "Mjomba, haya si makelele. Hii ni data."

Nikamwambia kama ni data basi aitoe pale dirishani.

Kumbe alikuwa amesoma habari za Wahungaria, na kwa kuwa msomaji hatapata kuelewa jinsi mama mmoja anayeuza vitumbua mtaani kwetu alivyogeuka kuwa wanawake watano mpaka awajue Wahungaria hao, itabidi nianzie huko. Mwaka 1905 Zoltán Kodály aliingia vijijini kukusanya nyimbo za wakulima. Mwaka uliofuata alikuwa pamoja na Béla Bartók, na mzigo wao ulikuwa fonografu ya Edison na silinda za nta. Mwaka 1905 si mgeni kwetu. Ndio mwaka Maji Maji ilipolipuka Nandete, kwenye vilima vya Umatumbi, katika wilaya yetu hii hii ya Kilwa. Na ndio mwaka kikundi cha taarabu cha Akhwani Safaa kilipoundwa kule Unguja. Tena 1906, wakati nta ya Bartók inazunguka Hungaria, Mjerumani mmoja aitwaye Karl Weule, mtu wa makumbusho ya Leipzig, alishuka Lindi na fonografu yake mwenyewe, majivu ya vita bado ya moto, akapanda mpaka Masasi na Newala akiwaimbisha watu mbele ya pembe. Nta ni ileile, mwaka ni uleule. Nyimbo za Hungaria ziliandikwa noti, zikatiwa vitabuni, na Kodály akahakikisha watoto wa shule wanaziimba. Za huku kwetu zilipanda meli kwenda Ujerumani, na mimi sijapata kukutana na mtu wa Lindi aliyerudishiwa ya babu yake.

Sasa Bartók na Kodály wakapatwa na tatizo la kila mwenye duka: shehena imefika, rafu hakuna. Wakaazima mbinu ya Ilmari Krohn wa Ufini. Kila wimbo, uwe umeimbwa juu au chini, uhamishwe mpaka noti yake ya mwisho iwe moja kwa zote, yaani G. Kisha zipangwe kwa noti zinazofunga kila mstari. Ni sawa na kuwashusha abiria wote njia panda ya Nangurukuru, wa Masoko, wa Kivinje na wa Lindi, ndipo uanze kuwauliza wametoka wapi. Abiria hulalamika. Nyimbo hazilalamiki.

Kwa mbinu hiyo, katika kitabu chake cha 1924, Bartók alizigawa nyimbo za Wahungaria makundi matatu. Kuna za mtindo wa kale, zenye ngazi ya noti tano, zinazoanzia juu na kuteremka, na mara nyingi nusu ya pili ya wimbo huirudia nusu ya kwanza hatua tano chini, kama mtu anayeshuka kisimani akirudia maneno yake. Kuna za mtindo mpya, zinazopanda katikati na kurudi zilikoanzia, mfano wa tao. Na kuna kundi la tatu, ambalo ni zote zilizobaki. Kundi hilo halikuwa dogo. Sisi wasomi wa uainishaji tunaliheshimu mno, maana kila nyumba inalo. Kwangu liko chini ya kitanda na linaitwa "weka hapo kwanza".

Bartók alipanga kwa mkono, kwa miaka. Leo kuna Mhungaria mwingine, Zoltán Juhász, mhandisi ambaye pia ni mpiga filimbi, aliyeikabidhi kazi hiyo mashine. Alitumia aina ya ramani inayojipanga yenyewe, iliyobuniwa na Mfini Teuvo Kohonen mwaka 1982. (Wafini tena. Nchi yenye baridi kali humpa mtu muda wa kupanga vitu.) Mpwa wangu alinieleza inavyofanya kazi, nami namweleza msomaji kama nilivyoielewa. Lahani hugeuzwa kuwa mstari unaopanda na kushuka. Mstari hukatwa vipande vilivyo sawa, na kila kipande huwa namba. Mashine nayo ina jamvi lenye vyumba vyumba, na kila chumba kina mstari wake uliochorwa ovyo. Lahani ikija, mashine huuliza ni chumba kipi kinachofanana nayo zaidi. Hicho husogea kidogo kumfanania mgeni, na majirani zake husogea pia, ila kwa uchache zaidi. Rudia mara elfu kadhaa. Aliyewahi kutazama watu wanavyokaa kwenye jamvi la harusi ameshaiona hesabu hiyo: hakuna anayewapangia, ila ukitahamaki mawifi wako pembe ile, wadai wa bwana harusi wako karibu na mlango.

Kwa jamvi hilo Juhász aliziweka pamoja nyimbo za Wahungaria na za mataifa mengine mengi ya Ulaya na Asia, aone nani kakaa karibu na nani. Mpwa wangu na mimi, kwa baraza moja, simu moja na kompyuta mpakato moja isiyokaa na chaji, tuliazimia kuiweka Kilwa Masoko nayo jamvini.

Kanuni ya kukusanya ilikuwa kunasa kila kinachopita, isipokuwa vitu viwili. Adhana haikuingizwa. Adhana si wimbo, na anayetaka kubishana katika hilo aende akabishane msikitini. Nyimbo za unyago nazo hazikuingizwa, ingawa tulijaribu. Kungwi tuliyemwendea alimtazama mpwa wangu, akanitazama mimi, akauliza, "Na wewe mtu mzima hivi, dada yako anajua umemleta mwanawe huku?" Utafiti wa upande huo ulikomea mlangoni.

Katika yaliyobaki, kundi la kwanza ni Sauti Shukaji. Hizi huanzia juu na kuishia chini, na sababu yake haihitaji kompyuta. Kifua kikijaa pumzi sauti hupanda bila kuombwa. Pumzi ikipungua, hushuka. Muuza samaki wa baiskeli huanza "samaki" yake juu kabisa, akiwa ametulia kwenye kiti, na anapofika kwenye ile "i" ya mwisho, ambayo huivuta kuanzia duka la kwanza mpaka la tatu, ameshateremka ngazi nzima na kilima kimeanza. Nyimbo za kushua chombo zimo humu pia: mwimbishaji hupaaza juu, kundi huitikia chini, kwa kuwa hapo ndipo wote wanapovuta na wote wanapotoa pumzi. Kama mkulima wa kale wa Hungaria na mvuvi wa ufuo wetu wa Jimbizi wana undugu, basi wameurithi kwenye mapafu.

Kundi la pili tumeliita Kuba, kwa heshima ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ng'ambo ya maji. Sauti hizi hupanda, hufika kileleni, hurudi. Mfano bora ni wapiga debe wa Nangurukuru. Basi likiwa mbali, wananong'ona. Likionekana, wanapanda. Kilele ni pale mlango unapofunguka na jina la Lindi linapotajwa mara nne kwa pumzi moja. Kisha sauti inarudi chini kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kulipwa. Kuna na aina ndogo ndani yake, kuba iliyobomoka, inayotokea pale basi linapopita bila kusimama: lahani inabaki huko huko juu inaning'inia, haina pa kushukia. Kisiwani pia kuna kuba za namna hiyo.

Kundi la tatu ni Sauti Bapa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo sayansi ilipotuaibisha.

Dawa ya panya huja kwa pikipiki. Nyuma ya kiti pamefungwa kipaza sauti kwa mpira wa tairi, na ndani yake mna mwanamume ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Anataja wadudu na wanyama waharibifu mmoja baada ya mwingine, panya, mende, kunguni, siafu, kwa sauti isiyopanda wala kushuka, kama karani anayesoma orodha ya mirathi. Akimaliza anaanza upya. Sauti hiyohiyo, ya mtu huyohuyo, nimeisikia Lindi mjini, nimeisikia Mbagala. Dereva anaweza kuwa kijana wa miaka ishirini, au mzee, au amekwenda kunywa chai na kuacha pikipiki kivulini. Mwenye sauti haendi chai.

Mashine ilimpenda mtu huyu kupita kiasi. Tuliitaka itafute ruwaza, na ruwaza kwa mashine ni kitu kinachojirudia bila kubadilika. Hapa ilikuta kitu kinachojirudia herufi kwa herufi, pumzi kwa pumzi, umbali kati ya nakala na nakala sifuri. Ikamkalisha katikati ya jamvi, na vyumba vyote vya jirani vikaanza kumfanania. Kwa mujibu wa kompyuta, wimbo wa asili ulioota mizizi kuliko yote katika mji huu, uliorithishwa kwa uaminifu usio na mfano, ni tangazo la sumu.

Na mama wa vitumbua? Huyu anapita mtaani kwangu tangu mpwa wangu hajazaliwa. Alfajiri, sauti ikiwa mpya, huita kwa kupanda. Saa mbili, bakuli likiwa nusu, hukata maneno. Mvua ikinyesha huita akiwa amesimama barazani kwa mtu, kwa upole wa kuazima. Siku kitumbua kimoja tu kimebaki haiti kabisa, hupiga bakuli kwa kijiko. Mashine ilimtawanya jamvini sehemu tano, mbalimbali kabisa, kama watu watano wasiojuana. Nilimpelekea habari hizo asubuhi iliyofuata.

"Watano?" akasema. "Hao hao. Mmoja angesomesha watoto wanne?"

Bartók asingemtawanya. Mtu aliyekaa na mabibi wa vijijini anajua kuwa mwimbaji mmoja huimba wimbo mmoja leo hivi na kesho vile, na wenye fani hiyo hukusanya hizo tofauti kama mali, hawazifuti kama makosa. Lakini ili mashine ijue kuwa vile vitano ni kimoja, lazima kwanza mtu aiambie ni kiasi gani cha kutofautiana kinasameheka. Mpwa wangu anayo namba ya kuamulia jambo hilo. Akiipandisha, mama wa vitumbua anakuwa mmoja, lakini muuza samaki na wapiga debe nao wanakuwa mmoja. Akiishusha, hata mimi ninapokohoa mara mbili nakuwa wawili. Alihangaika na namba hiyo mpaka umeme ukakatika.

Liko pia jambo la pikipiki yenyewe. Kwenye lami ya barabara kuu, dawa ya panya inakwenda yapata kilomita 40 kwa saa. Chombo kinachotoa sauti kikikujia, mawimbi hubanana na sauti hupanda. Kikikupita, hutanuka na sauti hushuka. Kwa mwendo huo, tofauti kati ya kuja na kwenda ni nusu toni na ushei. Simu yetu ilikuwa dirishani, pikipiki ikaja, ikapita, na yule mwanamume asiyebadilika akabadilika: alipofika kwa mende alikuwa Sauti Bapa, kwenye kunguni akaingia Shukaji. Mpwa wangu alishangilia. Je, haiwezekani hii ikawa asili ya ule mteremko wa hatua tano wa Wahungaria? Tukapiga hesabu. Ili pikipiki ishushe sauti hatua tano kamili kwa kukupita tu, inatakiwa iende kilomita 250 kwa saa. Barabara ya Nangurukuru tunaijua wote. Nadharia hiyo tumeiweka chini ya kitanda.

Baiskeli ya aiskrimu tuliitarajia ituvuruge, kumbe ndiyo iliyotufundisha. Baada ya umeme kurudi, mpwa wangu alipakua mashine nyingine, iliyokwisha kufunzwa tayari, akasema hii ni hodari zaidi. Tukaipa sauti zote. Ilizitilia shaka karibu zote, muuza samaki, wapiga debe, hata watu wa mashua. Ikakubali moja tu kuwa ni lahani kamili yenye mwanzo na mwisho, nayo ni kile kikengele cha betri. Nikauliza mashine hii ilisomea wapi. Akatazama. Ilikuwa imefunzwa kwa mkusanyo wa Essen, maelfu ya nyimbo za asili, nyingi zikiwa za Wajerumani.

"Basi ni Weule amerudi," nikamwambia.

"Nani, mjomba?"

"Endelea."

Alipoendelea, tulikuta ubaya mwingine, huu wa kimya kimya. Tangu Mwingereza Alexander Ellis alipopendekeza mwaka 1885, wasomi wa muziki huigawa oktava moja senti 1200, na kila nusu toni ya piano ni senti 100. (Senti hizi, kama za kwetu, hazinunui kitu.) Mwimbaji wa pwani hana mkataba na piano. Anaweza kukaa kwenye senti 340 na akatulia hapo raha mustarehe. Programu nyingi zikimkuta hapo humsukuma mpaka 300 au 400, kwa nia njema kabisa, kama mgambo anayemwondoa mama lishe kwenye hifadhi ya barabara. Wabelgiji wa Ghent walitengeneza programu inayoitwa Tarsos kwa ajili ya hilo hasa. Waliitumia kupima rekodi za Afrika ya Kati zilizoko makumbusho ya Tervuren, nayo huchora noti pale zilipo, si pale piano inapotaka ziwe. Mpwa wangu aliiweka. Picha ikabadilika mara moja. Watu wa mashua, walioonekana kwanza kama wanaimba kwa kukosea, walikuwa wanakosea mahali palepale, wote kumi na moja, kila mvuto.

Kundi la nne ni Weka Hapo Kwanza. Humo tumeweka wimbo mmoja wa Kimatuumbi aliotuimbia mzee kutoka Kipatimu, aliyekuja mjini kwa shughuli za ardhi na kukutwa barazani kwangu akisubiri ofisi ifunguliwe. Mashine ilichangamka: ndani ya wimbo ule mlikuwa na kipande kidogo, juu, chini, juu, kinachorudi tena na tena. Ruwaza! Mzee akauliza tumefurahia nini. Tukamwonyesha. Akalitamka neno lenyewe bila kuimba, na sauti yake ikaenda juu, chini, juu. Kimatuumbi ni lugha ya toni. David Odden alitoa kitabu kizima kuhusu fonolojia na mofolojia yake mwaka 1996, na toni zina sehemu yake kubwa humo. Neno lina kupanda na kushuka kwake hata likinong'onwa, na mtunzi hawezi kulivunja hovyo. Kompyuta ilikuwa imegundua sarufi. Kwa Kiswahili, ambacho hutia mkazo silabi ya pili kutoka mwisho na kuacha mambo mengine huru, muuza samaki anaweza kuipeleka "i" yake popote. Mzee wa Kipatimu hana uhuru huo, na tulipomwambia hivyo akasema hajawahi kuuhitaji.

Wachuuzi wetu wana haki ya kutajwa kwa jina pia. Inasemwa kwamba neno machinga limetoka kwa Wamachinga, watu wa pwani hii baina ya Kilwa na Lindi, waliokwenda Dar es Salaam na bidhaa mkononi. Kama ni hivyo, basi mkusanyo wetu wa sauti za kuuza ulifanyika kwenye chimbuko lenyewe, na nimemshauri mpwa wangu aliandike hilo kwenye ukurasa wa mwanzo, kwa herufi kubwa, maana wasahihishaji hupenda chimbuko.

Siku ya mwisho ya likizo yake tulirudi Jimbizi. Mashua iliyokuwa imepandishwa kukalafatiwa ilikuwa inashuliwa, magogo chini yake, watu pande mbili. Kila kitu kilinaswa safi, upepo ulitulia. Jioni mashine iliukata wimbo vipande na kukuta kipande kimoja kikijirudia na kujirudia, mwimbishaji akibadilisha maneno, waitikiaji wakibaki palepale. Kilichomsumbua mpwa wangu ni safu moja ya jedwali lake. Inaitwa "urefu wa wimbo", na haikubali kuachwa tupu. Kesho yake asubuhi, kabla ya kwenda kukamata basi, tulimkuta nahodha anakosha miguu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hujaondoka?"

"Naondoka sasa hivi. Nilitaka kuuliza, ule wimbo wa jana una beti ngapi?"

Nahodha akafikiri. Alilichukua swali kwa uzito wote.

"Jana maji yalikuwa mbali," akasema. "Ule ulikuwa mrefu. Uje bamvua, maji yakipanda mpaka pale kwenye mnazi, utaupata mfupi."

Mpwa wangu alifungua kompyuta papo hapo, juu ya ubavu wa mashua, akaongeza safu mpya na kuandika juu yake: mwezi.